Kumtafuta Kibarua wa Saa Kumi na Moja Maktabani

Ratiba ya mahubiri kanisani kwetu, huku upande wa Hombolo, Dodoma, huipanga mchungaji, nasi wainjilisti hupokea tulichopangiwa. Zamu hiyo niliangukiwa na Mathayo 20:1-16. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na jua likizama anawalipa wote dinari moja moja. Wenzangu wakanitania kwamba nimepewa mteremko. Hombolo ni zabibu. Mimi mwenyewe nina kishamba cha nusu eka, navuna mara mbili kwa mwaka kama majirani zangu, na kila msimu natafuta vibarua. Nani anahitaji kitabu ili aeleze shamba la mizabibu kwa watu waliokuja ibadani na salfa, dawa ya mizabibu, kwenye kucha?

Kumbe ukilijua shamba ndipo mfano huu unapozidi kuwa mgumu. Asiyelijua husoma haraka, akasema Mungu ni mwema, akafunga Biblia. Anayelijua hupiga hesabu. Kwenye kikundi chetu cha akina mama niliwasomea kifungu ili nione kitawagusa wapi, na bibi mmoja mwenye mizabibu mingi kuliko yangu akauliza, "Haya, kalipa. Kesho yake nani ataamka alfajiri kwenda kwake?" Watu wakacheka sana, jibu likakosekana. Nikamwambia, "Bibi, nipe muda nilitafute," maana swali la namna hiyo ukilijibu kwa maneno matakatifu matupu watu watakuheshimu lakini hawatakuamini.

Nilibeba barua ya mchungaji hadi maktaba ya chuo kimoja cha theolojia hapa Dodoma. Mtu wa nje kama mimi husomea mle mle ndani, haazimi. Sikuona ubaya. Kitabu usichoweza kuondoka nacho huwezi kukiahirisha.

"Shikamoo mama, tukusaidie nini?" aliniuliza mkutubi, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Marahaba. Natafuta vitabu vya Mathayo."

"Vya Mathayo ni rafu nzima, mama. Swali lenyewe ni lipi?"

Nikamweleza swali la bibi. Akacheka kama walivyocheka akina mama, kisha akasema jambo ambalo nawaambia wainjilisti wenzangu hadi leo: swali hilo halikai kwenye rafu moja. Alinionyesha namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu. Ni mpango wa Dewey wa kupanga vitabu, uliochapishwa Marekani mwaka 1876, na maktaba nyingi zinautumia. Biblia iko 220. Ndani yake itifaki, yaani vitabu vinavyoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, ziko 220.2, kamusi za Biblia 220.3, Injili 226, Mathayo mwenyewe 226.2, na mifano ya Yesu ina namba yake, 226.8. Mwinjilisti akifika 226.2 huvuta kiti akaridhika. Lakini vitabu vya Kiyahudi viko 296, na historia ya kale ya nchi ile iko 933, mbali kabisa na Biblia. Mambo mawili yaliyonifaa kuliko yote niliyakuta huko mbali.

Kabla ya kugusa kitabu chochote cha ufafanuzi nilisoma Mathayo 19 na 20 mfululizo, bila kusimama kwenye kichwa cha sura. Hili halihitaji maktaba, ila maktaba ndiyo iliyonieleza kwa nini ni muhimu. Sura tulizonazo zilipangwa na Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ikawekewa namba na Robert Estienne mwaka 1551. Mathayo hakukata chochote hapo. Ukiiondoa ile namba 20, unaona mfano unaendelea kutoka kwenye mazungumzo ya Petro. Katika 19:27 Petro anasema wao wameacha vyote, kisha anauliza watapata nini. Yesu anamwahidi viti kumi na viwili, na papo hapo anaongeza kwamba wengi walio wa kwanza watakuwa wa mwisho. Ndipo unakuja mfano, na maneno hayo hayo yanarudi mwishoni mwake. Mistari michache mbele mama yao wana wa Zebedayo anakuja kuwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto. Kwa hiyo shamba limewekwa katikati ya watu wanaouliza malipo na watu wanaogombea viti.

Kuna kitabu kinachopanga Injili kwa safu, bega kwa bega. Hicho nakisifu kwa kila mtu. Nilikifungua hapo nikaona Marko 10:31 ana maneno ya wa kwanza na wa mwisho, na mstari unaofuata tayari wako njiani kwenda Yerusalemu. Safu ya Marko inabaki tupu pale Mathayo anapoliweka shamba la mizabibu, na ya Luka pia. Mfano huu anao Mathayo peke yake, na amechagua kuuweka mahali pale. Kuanzia hapo niliacha kuusoma kama somo la namna ya kuendesha shamba. Petro ameuliza, naye anajibiwa.

Bibi hajajibiwa bado. Nikaendelea.

Kwenye itifaki nilifuata neno ujira. Ilinipeleka Walawi 19:13 na Kumbukumbu la Torati 24:14-15: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, mlipe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea. Yule bwana anapomwambia msimamizi wake awaite watu jioni, anatimiza torati. Mwenye shamba anayesema "subirini mnunuzi atulipe kwanza" (na huku kwetu sentensi hiyo inajulikana sana) angeshangazwa na mstari wa 8 wa mfano huu kabla hata hajafika kwenye dinari ya wale wa mwisho.

Hapa niseme neno la kujivuna kidogo. Vitabu vya Kiingereza huchukua nafasi kuwaeleza wasomaji wao kwamba saa kumi na moja ya Mathayo si saa kumi na moja ya kwao, bali ni jioni, imebaki saa moja jua lizame. Sisi hatuhitaji maelezo hayo. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa kulipokucha, kama za Mathayo. Ukisema saa tisa, mtoto wa Hombolo anajua jua liko wapi na jasho liko wapi.

Dinari ilinichukua muda mrefu zaidi. Kamusi ya Biblia ilisema ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua wa siku, basi. Nilitaka kujua inanunua nini. Anayeishi kwa kibarua haulizi mshahara wake ni asilimia ngapi ya kitu, anauliza ni kilo ngapi za unga. Mkutubi akanipeleka 296, akaniletea Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa mnamo mwaka 200, katika tafsiri ya Kiingereza ya Herbert Danby ya mwaka 1933. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini sheria zimeandikwa kwa sentensi fupi, na kamusi nilikuwa nayo mezani. Kuna sehemu inaitwa Pea, inayohusu haki za maskini shambani. Katika 8:7 inaagiza kwamba maskini anayepita kutoka mahali hadi mahali asipewe chini ya mkate mmoja wa thamani ya pondioni moja, kwa bei ya ngano iliyotajwa pale pale.

Pondioni ni sarafu ndogo. Zinazotimiza dinari ni kumi na mbili.

Nilikaa nayo hiyo namba. Mchana wa Mathayo una saa kumi na mbili, na dinari ni ya kutwa. Aliyeingia saa kumi na moja kafanya saa moja, kwa hiyo kwa haki ya kalamu na karatasi anastahili sehemu moja ya kumi na mbili, yaani pondioni moja. Mkate mmoja. Kiwango kile kile ambacho sheria iliona ni cha chini kabisa kumpa mpita njia asiye na kitu. Kama yule bwana angekuwa mwenye haki tu, mtu aliyesimama sokoni mchana kutwa angerudi kwake na chakula cha mtu mmoja, na nyumbani wanamsubiri wangapi? Mishna ni ya baadaye kuliko Yesu, na bei za ngano hupanda na kushuka, hivyo siuzi hesabu hii kama hati ya benki. Lakini ilinionyesha kwamba malalamiko ya wale wa alfajiri yanaomba kitu gani hasa. Wao walikuwa na dinari yao kamili mkononi. Walichotaka ni wenzao waende na mkate mmoja.

Kitabu cha pili kutoka mbali kilikuwa cha Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza. Nilifika kwake kwa kufuata tanbihi. Kitabu kimoja cha mifano ya Yesu kilimtaja chini ya ukurasa kwa herufi za kusumbua macho, nikaona afadhali niende kwa mwenyewe. Katika Mambo ya Kale ya Wayahudi, kitabu cha 20, Yosefo anasimulia kwamba ujenzi wa Hekalu ulipokamilika, zaidi ya mafundi na vibarua 18,000 walibaki bila kazi Yerusalemu. Watu hawakutaka fedha ya hazina ikae ikingoja kuchukuliwa na Warumi. Mfalme Agripa akakubali mji utandazwe mawe meupe ili watu wapate kazi. Na Yosefo anaongeza kwamba hata mtu akifanya kazi saa moja tu ya siku, alipokea malipo yake papo hapo.

Niliisoma mara mbili. Haisemi wazi kama yalikuwa malipo ya saa moja au ya kutwa, na anayeitumia kuthibitisha kwamba desturi ya Mathayo 20 ilikuwepo anaivuta kidogo. Tena ni habari ya miaka ya 60, Yesu amekwisha kusulubiwa siku nyingi. Hata hivyo inaeleza jambo ambalo mahubiri mengi hulikanyaga. Wale wa saa kumi na moja wanapoulizwa kwa nini wamesimama bila kazi, wanajibu, "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Nimesikia wahubiri wakiwageuza watu hawa kuwa wavivu, mfano wa Mkristo anayechelewa kuokoka. Nchi inayoweza kuwa na watu 18,000 wasio na kazi katika mji mmoja haihitaji kueleza ukosefu wa ajira kwa uvivu.

Ndipo nikaenda 226.2, nikiwa na maswali yangu tayari. Nasisitiza mpangilio huu. Vitabu vya ufafanuzi ukivianza kabla ya kifungu chenyewe, vinakuchagulia cha kushangaa. Vya zamani nilivipitia upesi. Irenayo, askofu wa karne ya pili, aliona zile saa tano kuwa ni vipindi vya historia tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Yohana Krisostomo, mhubiri wa karne ya nne, aliziona kuwa umri wa watu wanapomjia Mungu, wengine utotoni, wengine uzeeni. Tafsiri ya Krisostomo ndiyo inayohubiriwa sana hata huku kwetu, ingawa wengi hawajui wanamhubiri nani. Inafariji, siipingi, ila inamsahau Petro na swali lake. Ufafanuzi mmoja mkubwa wa juzuu moja, ulioandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika na kutoka mwaka 2006, niliuweka karibu wakati wote kwa sababu unaandika kama mtu aliyewahi kuona njaa. Na nisiwasahau wachapishaji wetu wa hapa hapa Dodoma, Central Tanganyika Press. Vitabu vya Kiswahili kuhusu Biblia ni vichache, basi ukikuta kimoja rafuni kianze hicho ili akili ipate msamiati, ndipo upande Kiingereza.

Jambo jingine dogo la maktaba: kulinganisha Biblia. Ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina maneno mawili ya ziada katika kifungu hiki. Mwisho wa mstari wa 16 inaongeza kwamba waitwao ni wengi bali wateule ni wachache, na katika mstari wa 7 inawapa wale wa mwisho ahadi ya kupewa iliyo haki. Nakala za Biblia za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, hazina maneno hayo, na Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 haina pia. Hilo la mstari wa 7 lilinifungua macho. Wale wa alfajiri wamepatana kwa dinari. Wale wa saa tatu hawana bei, wana ahadi tu: "iliyo haki nitawapa." Wale wa saa kumi na moja hawana hata ahadi. Wameambiwa waende, wakaenda.

Na kuna Rabi Bun, niliyemkuta katika kile kitabu cha mifano. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba Rabi Bun bin Hiya alifariki akiwa kijana wa miaka 28, na Rabi Zeira akasimama kumzungumzia marehemu. Akasema, mfalme aliajiri vibarua wengi. Mmoja alikuwa hodari kupita wote. Mfalme akamshika mkono akawa anatembea naye huku na huku. Jioni akamlipa ujira kamili sawa na wenzake, nao wakalalamika: sisi tumefanya kazi kutwa, huyu saa mbili tu! Mfalme akawajibu kwamba huyu kafanya mengi zaidi kwa saa mbili kuliko ninyi mlivyofanya kutwa nzima. Ndivyo Bun alivyojifunza torati kwa miaka 28 kuliko mwanafunzi hodari kwa miaka 100.

Ni mfano mzuri. Umemfaa mfiwa, na kila mwenye shamba ataukubali, kwa sababu mwisho wake hesabu inakaa sawa. Ukiuweka kando ya Mathayo unaona Yesu alichokiacha nje. Wale wa saa kumi na moja hawasifiwi kwa lolote. Hatuambiwi walikata vichala vingapi.

Swali la bibi halikujibiwa na kitabu chochote kati ya hivyo, na nilikuwa nimeanza kuliona kama swali lisilo na rafu. Jioni moja nikiwa mjini nasubiri gari la kurudi Hombolo, nilikaa karibu na kijiwe cha saidia fundi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na majengo kuota hadi Mtumba, ulipo mji wa serikali, vijiwe hivyo vina watu tangu alfajiri. Ilikuwa inaelekea saa kumi na moja, na bado walikuwepo watu wazima watatu, nguo za kazi safi, hazijaguswa na saruji. Nikawasalimu, nikawasimulia mfano bila kutaja Biblia.

"Huyo tajiri anaitwa nani, mama, tumfuate?" mmoja aliuliza, wakacheka.

Nikawauliza kama aliyebaki hadi saa hizi si mvivu. Yule mkubwa wao alinitazama kama nimeuliza la kitoto. "Mvivu hasimami hapa mpaka sasa. Mvivu saa nne yuko nyumbani kalala. Asubuhi wanachukuliwa vijana wenye kifua. Anayebaki ni yule asiyeweza kurudi mikono mitupu."

Basi nikawapa la bibi: kesho yake mngeamka alfajiri? Wa pili akasema yeye angelala mpaka mchana, kwa nini ajichoshe. Yule mkubwa akatikisa kichwa. "Mimi ningekuwepo alfajiri. Alfajiri hela yangu naijua, nafanya kazi moyo umetulia. Hiyo saa kumi na moja unategemea tajiri apite, halafu akili yake iwe ile ile ya jana. Wewe hujawahi kusimama hapa."

Kweli sijawahi. Na nikirudi kwenye kifungu, ndicho alichokuwa anakisema: wa alfajiri walikuwa na dinari yao tangu kulipokucha. Walibeba taabu na hari za mchana kutwa kama wanavyosema, ila hofu hawakuibeba. Hofu ya mchana kutwa waliibeba wale waliosimama sokoni.

Siku ya mahubiri sikutumia hata robo ya daftari. Petro niliingia naye, kwa sababu bila yeye mfano hauna aliyeuliza. Ule mkate mmoja niliutaja, na watu wa Hombolo walipiga hesabu wenyewe kabla sijamaliza sentensi. Yule saidia fundi niliwasimulia alivyosema, pamoja na mwenzake aliyesema angelala. Irenayo alibaki rafuni. Yosefo nilimpa sentensi moja. Rabi Bun nilimwacha kabisa ingawa nilimpenda kuliko wote. Mfano wake unaeleweka mno. Ningeusimulia pale, watu wangerudi nyumbani na huo, wakauacha wa Yesu kanisani.